Koti la Jypar

Muosha maiti hasemi alichokiona. Hiyo ndiyo kanuni, na katika kijiji cha Ak-Jar, milimani, juu kidogo ya mji wa Kochkor, hakuna aliyeishika kama Burulcha. Kwa miaka ishirini na sita aliwaosha wanawake wa kijiji kile, vikongwe kwa wasichana, na halikutoka kinywani mwake hata neno moja la chini ya shuka. Wafiwa walipomuuliza marehemu alikuwaje, aliwajibu maneno yaleyale: "Alikuwa safi. Alikuwa na nuru." Alisema hivyo juu ya bibi aliyeoza mgongo kwa kulala kitandani, na juu ya msichana aliyezikwa na mimba ambayo hakuna aliyeijua. Watu walimpenda kwa hilo. Kila mwanamke wa Ak-Jar alijua kwamba siku yake ikifika, Burulcha atasimama kichwani pake na siri zake zitashuka naye udongoni.

Kule muosha halipwi fedha, hupewa nguo za marehemu. Anayemwaga maji hupata kitambaa cha kichwa, anayeshika shuka hupata gauni, na aliyesimama kichwani, akaosha uso na shingo, hupewa vazi la juu. Ukipewa unalivaa, ili watu wakikuona njiani wamkumbuke mwenyewe na kumwombea. Burulcha alianza kwa kumwaga maji, akapanda mpaka kichwani, na yote aliyopewa hakuyavaa. Aliyakunja, akayatia katika kasha kubwa lililo chini ya rundo la mifarishi yake, akijiambia kwamba atayavaa mwakani. Miaka ikapita, kasha likajaa.

Aliyelifungua ni Aizirek, mtoto wa marehemu mdogo wake, msichana mchoraji aliyeishi mji mkuu, Bishkek. Alikuja kumsalimu wakati theluji inayeyuka, akainua mifarishi kutafuta wa kujifunika, akakuta kasha halina kufuli.

"Mama Mkubwa, umefungua duka bila kutuambia?"

"Ni nguo za watu. Funga."

"Watu gani?"

"Wa udongoni. Nimesema funga."

Aizirek hakufunga. Alikuwa ameshapiga magoti na kuzitoa moja moja, akizitandaza kwenye zulia: makoti, fulana za sufu, vitambaa vya maua, chanuo lililobakiwa na unywele mmoja mweupe. Alipozimaliza akasema anazitaka. Atazitundika mjini, ndani ya ukumbi uliokuwa kiwanda cha viatu, na nyuma ya kila vazi ataweka ubao aliouchora mwili uliooshwa, bila sura na bila jina. Mbele ataweka karai, birika na kata.

"Watu wa mjini wanafia hospitalini na kuoshwa na wasiowajua," alisema. "Nataka waone mikono yenu ilivyofanya kazi."

"Ungeolewa, usingepata nafasi ya kutundika makoti ya wafu."

"Nikiolewa nitatundika la mume."

Burulcha akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Aizirek alipoona amelegea alirudisha mkono ndani ya kasha na kutoa koti la rangi ya zambarau iliyoiva, lenye ukosi wa manyoya ya mbweha. Halikuwa na doa. Ndani ya mikono yake yalisokomezwa mabuti mapya, na ndani ya buti moja hereni za fedha.

"Na huyu? Wenzake wamekuachia gauni la jikoni, yeye kakuachia harusi nzima. Alikuwa tajiri?"

"Mkaza mwana wa Kalyipa."

"Alikufa na nini?"

"Moyo."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na minne."

Aizirek alimtazama. "Mbona kwa wengine ulipewa nguo moja ya kila siku, na kwa huyu ukapewa kila kitu?"

"Ni heshima," Burulcha akasema. "Chukua zote. Majina usiyataje."

Alimpa ili msichana anyamaze. Lakini swali lilikuwa limeshaulizwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa Burulcha alilisikia.

Jina la yule mkaza mwana lilikuwa Jypar. Alikufa asubuhi moja ya mwezi wa pili, na jioni ileile alikuwa kaburini. Ak-Jar hawaziki hivyo. Maiti hulala kwenye hema la sufu siku mbili, hata tatu, mpaka ndugu wa mbali wafike na kulia. Lakini Kalyipa, mama mkwe, alisema theluji nzito inakuja, ardhi itakuwa chuma. Watu wakakubali. Burulcha aliitwa, akaja na wenzake wawili. Mmoja alishika shuka na mwingine akamwaga maji, wote upande wa miguu, yeye akasimama kichwani kama kawaida. Alipoinua kidevu cha binti yule apitishe maji, aliona shingoni alama tano za buluu, nne kushoto na moja kulia.

Aliosha juu yake polepole, kana kwamba alama zingeuma. Kisha akaifunga sanda juu zaidi ya desturi, mpaka chini ya mdomo.

Kalyipa aliingia peke yake. Aliitazama sanda, akamtazama Burulcha machoni. "Mungu akulipe, Burulcha. Umemsitiri mwanetu." Akatoka, akarudi na koti, mabuti na hereni. Jioni akampelekea na kondoo. Mtu wa mahali pengine angeshtuka akauliza anahongwa kwa nini. Burulcha hakushtuka, kwa sababu kila siku ya kazi yake ilimalizika kwa kupewa nguo. Rushwa ilimjia imevaa desturi, akaipokea kwa mikono miwili na kuiombea dua.

Batma, mama yake Jypar, alifika kutoka At-Bashy baada ya adhuhuri, theluji ikiwa kwenye mabega. Aliomba kufunuliwa uso wa mtoto wake. Akaambiwa sanda imeshafungwa, haifunguliwi. Akamkamata muosha mkono pale mlangoni pa hema.

"Dada, wewe ndiye wa mwisho kumgusa. Mwanangu alikuwaje?"

"Alikuwa safi," Burulcha akasema. "Alikuwa na nuru."

Tangu mwezi ule maji yalianza kumfanyia vituko. Akimimina chai, akishaliweka birika chini, mlio wa maji ulikuwa hauishi. Uliendelea kidogo, kama pumzi tatu, kana kwamba nyuma yake kuna mwanamke mwingine hajamaliza kumwaga. Yalimtokea mchana kweupe, wageni wameketi, jua limeingia dirishani, na wageni hawakugeuka. Alibadilisha birika, akabadilisha hata chumba cha kulia chakula. Alizoea kunyanyua sauti akiwa anamimina, na majirani wakasema Bi Burulcha siku hizi anaongea kama mtu wa sokoni.

Mwaka wa pili Talantbek, mume wa Jypar, alioa tena. Binti alitoka ng'ambo ya mto, jina lake Saltanat. Kule bibi harusi akishaletwa hukalishwa nyuma ya pazia, na mwanamke anayeheshimika kuliko wote humfunga kitambaa cheupe kichwani, apate maisha kama ya aliyemfunga. Kalyipa akamchagua Burulcha. Akaenda, akafunga. Vidole vyake vilipogusa shingo ya binti yule vilikuwa baridi, na Saltanat akacheka kidogo na kusema, akimwita kwa neno la kule la kumheshimu mama, "Apa, unanitekenya." Burulcha akala nyama, akapewa kitambaa, akarudi nyumbani.

Baada ya hapo walikutana bombani mara nyingi. Mwanzo Saltanat alikuwa na maneno mengi kuliko ndoo zake. Baadaye akaanza kugeuza kichwa ili amsikie mtu kwa sikio la kulia.

"Sikio la kushoto limefanya nini, mwanangu?"

"Nilianguka ngazini, Apa."

Burulcha akajaza ndoo yake. Nyumba ya Kalyipa haina ngazi. Aliijua nyumba ile kama kiganja chake, na aliibeba ndoo akaondoka bombani.

Hapa sina budi kusema wazi. Kanuni ya kumsitiri maiti iliwekwa ili unyonge wa aliyekufa usiwe kichekesho cha waliobaki. Kidonda chake, kilema chake, mimba yake, hayo ni yake. Alama za mkono wa mtu mwingine si aibu ya maiti. Burulcha alikuwa mtu mzima, mwenye akili timamu na dini yake, na tofauti hiyo aliijua. Alichokitunza miaka yote ile ni jina lake jema, na alilitunza akiliita amana.

Mwezi wa tano Aizirek alipiga simu. Kesho watu wanaanza kuingia, Mama Mkubwa aje aone kwanza, asije akasema ameaibishwa. Burulcha akapanda gari la asubuhi.

Ukumbi ulikuwa mkubwa na mtupu, madirisha yake yamepakwa vumbi la miaka. Mavazi kumi na tisa yalining'inia kwa kamba kutoka darini, kila moja na kimo cha mwenyewe, pindo zake zikifika pale zilipokuwa zikifika alipokuwa hai. Burulcha aliwatambua mmoja mmoja kabla hajavua viatu vyake, maana alivivua, ingawa hakuna aliyemwambia. Huyu Zuura mfupi. Yule Anarkan aliyechechemea, koti limelalia upande. Nyuma ya kila mmoja palikuwa na mlango wa kabati kuukuu, na juu ya mlango mwili uliochorwa kwa rangi nyepesi inayotiririka, mweupe, wenye majimaji, usio na uso. Katikati ya sakafu kulikuwa na karai la bati, na juu yake birika lililotobolewa, likidondosha. Upepo mdogo ulipopita mlangoni, makoti yaligeuka kidogo yote kwa pamoja, kama wanawake walioitwa.

"Unaonaje?" Aizirek akauliza.

"Mikono ya Zuura ilikuwa minene zaidi."

"Nitarekebisha. Endelea."

Alimsahihisha. Huyu tumbo literemshe. Huyu alikuwa na nywele mpaka kiunoni, usimnyoe. Alisema kama fundi anayekagua kazi ya mwanafunzi, na hakuona kwamba hapo tayari alikuwa anasema ya chini ya shuka. Hivyo ndivyo alivyofika mbele ya koti la zambarau. Nyuma ya koti, shingo iliyochorwa ilikuwa ndefu, safi, haina kitu.

Alisimama. Maji yalidondoka. Kwenye kiti palikuwa na kibao cha rangi ambacho hakijakauka. Burulcha alichovya vidole vyake vitano katika buluu, akapitisha mkono kando ya ukosi wa manyoya, akauweka kwenye shingo iliyochorwa, akabonyeza. Alipouondoa zilibaki alama nne kushoto na moja kulia.

"Mama Mkubwa! Umefanya nini?"

Burulcha alivitazama vidole vyake kana kwamba ameviazima. "Ulikosea," alisema.

Aizirek alielewa. "Nifute?"

Kama angesema futa, zingefutwa. Kama angesema acha, angekuwa amesema kwa kinywa chake. Alivaa viatu, akakifuta kiganja kwenye koti lake mwenyewe, akaenda kutafuta gari la kurudi.

Siku mbili baadaye picha za ukumbi zilikuwa kwenye simu za watu mpaka Ak-Jar. Dukani walikuwa wakinyang'anyana simu. "Tazama, gauni la mama! Lile la kijani!" "Burulcha katutundikia wazazi kama nyama ya kukausha." "Nyamaza wewe, mama yako hajawahi kupendeza hivi." Siku ya tatu, wakati wa chai ya asubuhi, Kalyipa aliingia bila kubisha. Hakukaa.

"Koti nililokupa kwa heshima umelitundika kama ngozi ya mbwa?"

"Ni kazi ya mtoto."

"Mtoto ndiye aliyemwosha?" Kalyipa aliinama mpaka harufu ya mafuta ya nywele zake ikamfikia Burulcha. "Miaka ishirini na sita, Burulcha. Kila mama hapa anakuamini mwili wake. Unataka uwe mwanamke wa namna gani uzeeni? Nenda kaliteremshe. Umwambie na huyo mchoraji wako apake chokaa."

"Nitakwenda."

"Leo."

Alikwenda siku ileile. Njia nzima alijipanga: atalikunja koti, atapaka nyeupe, atarudi, na kila kitu kitakaa kilipokuwa kimekaa. Aliingia ukumbini mchana, watu wachache wakizungukazunguka kwa sauti za chini. Mbele ya koti la zambarau alisimama mwanamke mnene mwenye kitambaa cheusi. Alikuwa ameingiza mkono ndani ya mfuko wa koti na kuugeuza nje. Kitambaa cha mfuko kilikuwa cha maua mekundu.

"Hili ni gauni langu," mwanamke alisema bila kugeuka, kama aliyejua nani yuko nyuma yake. "Nililikata nikamshonea mifuko, asipate baridi mikononi. Binti yangu mdogo alinionyesha picha. Nikamwambia, makoti hufanana. Nikaja niangalie mfuko."

Alikuwa Batma. Amezeeka, lakini mkono uliomkamata Burulcha mlangoni pa hema ulikuwa uleule. Safari hii aliuinua mbele ya ubao, akavipanga vidole vyake juu ya alama za buluu bila kuzigusa. Mkono wake ulienea ndani ya alama hizo.

"Mchoraji anasema hakuzichora yeye. Anasema nikuulize wewe."

Burulcha alitafuta maneno yake ya miaka yote. Yalikuwa pale, tayari. Angeweza kusema ni ujinga wa wasanii, rangi imemwagika, na mwanamke huyu angerudi At-Bashy.

"Dada," Batma akasema, "nilikuuliza ukaniambia alikuwa na nuru. Miaka tisa nimelala na neno lako chini ya mto. Sasa nakuuliza mara ya mwisho. Mwanangu alikuwaje?"

"Alikuwa na alama tano shingoni," Burulcha akasema. "Za mkono. Zilikuwa kubwa kuliko hizi. Nikaifunga sanda juu."

Batma hakupiga yowe. Alikishusha kichwa, akaurudisha mfuko ndani ya koti na kuunyoosha, kama mama anavyomweka mtoto sawa kabla ya shule.

"Nani mwingine aliona?"

"Kalyipa alijua. Wengine walikuwa miguuni."

"Utasema hivyo kwa polisi?"

"Nitasema."

Burulcha akanyoosha mkono kumshika bega. "Usiniguse," Batma akasema. Akalifungua koti kutoka kwenye kamba, akalikunja, akalibeba kifuani. Wakaenda kituoni wametengana kwa hatua tano, na Aizirek katikati yao.

Askari aliyeandika maelezo alikuwa kijana mpole. Aliandika kila kitu, akasoma, akamsogezea Burulcha karatasi atie sahihi. "Mama, miaka tisa hii ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

Jalada lilifunguliwa. Talantbek alipoitwa hakupatikana. Alikuwa amevuka kwenda Urusi wiki ileile, na hajarudi. Wakubwa walisema ushahidi wa mtu mmoja baada ya muda kama huo ni mwembamba, na jalada likabaki rafuni.

Ak-Jar haikugawanyika, kama watu wanavyopenda kusimulia. Ilimfungia Burulcha mlango. Vuli ile alifariki Bi Gulsun wa karibu na msikiti, na waosha waliletwa kwa gari kutoka Kochkor. "Leo kataja alama," walisema bombani, "kesho atataja matiti ya mama yako." Walimwonea kwa hilo. Hawakumwonea kwa yote, na yeye hakulalamika. Alikuwa bado anasikia maji yakiendelea baada ya birika kutua. Alikuwa ametarajia yatakoma akishasema. Hayakukoma.

Saltanat alikuja siku ya kuondoka kwake kijijini. Alisimama uani na begi moja, kaka yake akimsubiri njiani ndani ya gari. Burulcha alimkaribisha chai.

"Siingii, Apa. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu, na useme kwa nguvu, sikio langu si zima." Aligeuza upande wa kulia. "Siku uliyonifunga kitambaa, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukala nyama?"

"Nilikula."

Saltanat alitikisa kichwa kama mtu anayethibitishiwa bei. "Mimi nilikuwa nasema, kama ni Burulcha aliyenifunga, nitakuwa salama. Nilimwambia hata mama. Mwaka wa kwanza aliponipiga nikafikiri ni mimi, kwa sababu wewe usingenipeleka mahali pabaya."

"Mwanangu, nisa..."

"Hapana, hilo usiniombe. Nina njia ndefu."

Akalibeba begi lake, akapanda gari, wakaondoka. Burulcha alibaki uani mpaka baridi ikamtoa.

Anaishi bado, peke yake, na nguo za wale wengine amezigawa kwa maskini wa Kochkor. Kwa Jypar aliitunza kanuni yake miaka tisa. Ilimgharimu Saltanat sikio la kushoto na mimba mbili zilizotoka kwa kipigo, na Batma ikamnyima siku ambayo bado alama zingeweza kuonwa na mtu mwingine.